Mwigizaji Aliyekuwa Mwelekezi: Kumsoma Amandina Lihamba Nikiwa Kilindini

Makala haya hayakukusudiwa kuwa ya kibinafsi. Nilipoanza kuyaandika niliazimia kumjadili Amandina Lihamba kama mtunzi wa tamthilia, yaani kumweka palepale ambapo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kumweka, jirani na Penina Muhando na Ebrahim Hussein, na kuchambua dhamira, wahusika na matumizi ya lugha katika vitabu vyake vichache vilivyochapishwa. Kazi hiyo iligoma. Kila nilipomaliza ukurasa niliona kwamba nimemwandika mtu mwingine, mwandishi aliyeketi mezani pake na kalamu, ilhali Lihamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya usanii amekuwa mtu wa kusimama: mara mbele ya hadhira akiigiza, mara pembeni akiwatazama wengine wakiigiza na kuwarekebisha. Sehemu hiyo kubwa haimo katika vitabu. Nikalazimika kujiuliza ni kwa nini mimi, ambaye nimefundisha tamthilia kwa miaka mingi, sikuwa na lugha ya kuizungumzia. Jibu la swali hilo lilinirudisha nyumbani Mombasa, na msomaji atanivumilia nikianzia huko.

Baba yangu alikuwa karani katika bandari ya Kilindini. Mama na jamaa zake walikuwa watu wa Mji wa Kale, upande wa pili wa kisiwa, ambako majahazi yalikuwa yakitia nanga kabla ya meli kubwa kuhamia kwenye kina cha magharibi. Na jina lenyewe la Kilindini, kama ijulikanavyo, limetokana na kilindi. Tulikua tukivuka kisiwa kila juma, kutoka kwa baba hadi kwa wajomba, kutoka kwenye winchi na magunia hadi kwenye vichochoro vya Kibokoni. Baba hakuwa mtu wa ngoma wala wa mchezo. Alichokipenda kukisimulia ni habari za marubani, wale wanaopanda meli ya kigeni kwa ngazi ya kamba ingali baharini na kuiongoza hadi gatini. Nahodha, alisema baba, ndiye mwenye jina na ndiye mwenye meli, lakini katika mkondo wa Kilindini humsikiliza mtu ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote ya shehena. Na rubani hakuijua njia ile kwa kuisoma ramani peke yake. Aliipita mwenyewe mara nyingi kabla ya kukabidhiwa meli ya mwingine.

Upande wa mama alikuwako shangazi yake, ambaye sote tulimwita Bibi. Katika ujana wake alikuwa mchezaji wa lelemama wa kusifika. Nilipopata akili, katika miaka ya 1970, vyama vya lelemama vilikuwa vimekwisha nguvu Mombasa, lakini vugo lilikuwa bado likichezwa katika arusi, na Bibi ndiye aliyeitwa kulisimamia. Nasema kulisimamia kwa sababu hakuwa akicheza. Alisimama ukutani, buibui limeshuka mabegani, pembe mbili mkononi, akiwatazama wanawake wenzake wakipita kwa mstari. Akimwona aliyekwenda pupa aligonga pembe mara moja, na mstari mzima ulitulia. Akimwona msichana aliyeona haya, hakumsemesha. Alikwenda kusimama mkabala naye, akayumba kidogo tu, mabega si miguu, na yule msichana akayumba vilevile bila kujua kwamba ameelekezwa. Nilipomuuliza usiku mmoja kwa nini yeye hachezi tena, alinijibu kwa Kimvita chake: “Mwanangu, mimi hivi sasa nateza kwa maguu yao.”

Sikuyaelewa maneno hayo, na ninakiri kwamba niliyasahau kwa muda wa miaka ishirini na zaidi.

Wanahistoria walituzidi katika jambo hili. Margaret Strobel alipoandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, aliona kwamba vyama vya lelemama havikuwa pumbao la arusini: vilikuwa na vyeo, na mwanamke alipanda cheo kwa kuandaa karamu mbele ya wenzake, vilikuwa na mashindano, na vilikuwa mahali ambapo wanawake walijifunza kuongoza watu. Miaka kumi baadaye yeye na Sarah Mirza walitoa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, na humo ngoma zinazungumzwa na wanawake walioijua hali hiyo kutoka ndani. Sisi wa idara za fasihi tulikuwa wakati huohuo tukibishana iwapo Afrika ilikuwa na drama kabla ya kuja kwa Wazungu. Tulibishana kwa kunukuu vitabu. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza mwanamke wa Kibokoni ni nani aliyekuwa akipanga mistari.

Lihamba alizaliwa mwaka 1944 katika sehemu za Morogoro, na jina lake halitengani na idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako amekuwa mwalimu, mwigizaji, mwelekezi na hatimaye profesa. Tasnifu yake ya uzamifu, aliyoiwasilisha Leeds mwaka 1985, ilihusu siasa na maonyesho nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha, tangu 1967 hadi 1984. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kabla wengine hatujaanza kuhakiki maonyesho ya kipindi kile, mmoja wa waliokuwa wakiyafanya alikuwa ameshaketi akayahakiki. Tamthilia zake zilizochapishwa hazizidi kiganja: Hawala ya Fedha (1980), iliyotokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal, Harakati za Ukombozi (1982), aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Mkutano wa Pili wa Ndege (1992). Mhakiki aliyezoea kupima ukubwa wa msanii kwa urefu wa rafu atamwona Lihamba kuwa mtu wa kando, na nimewahi kusikia mwenzetu mmoja akisema hivyo katika kongamano, bila ubaya wowote, akihesabu kwa vidole.

Tuzitazame tena kazi hizo tatu, safari hii tukiuliza zilifanywaje. Ya kwanza imechukua kisa cha mwingine, nayo ni riwaya fupi ambayo Sembène mwenyewe alikwisha kuigeuza filamu, Mandabi, mwaka 1968. Yaani Lihamba aliingia katika kazi iliyokwisha kupita katika miili ya waigizaji wa Dakar, akaipitisha katika miili ya waigizaji wa Dar es Salaam. Ya pili ina majina matatu ya wanawake jaladani, na hakuna awezaye kusema sentensi hii ni ya nani. Kundi la Paukwa, lililokuwa la wasanii wa mazingira hayohayo ya Dar es Salaam, lilichapisha Ayubu mwaka 1984 kwa jina la kundi, si la mtu. Hizi si tabia za mtu anayejitafutia jina la utunzi. Ni tabia za chumba cha mazoezi, ambamo neno zuri hutoka kinywani mwa yeyote na likishatoka huwa mali ya wote. Uhakiki wetu, ambao umerithi kutoka kwa riwaya dhana ya mwandishi mmoja mwenye kusudi moja, haujui la kufanya na chumba kama hicho. Ukikipata huchagua jina mojawapo na kuyaacha mengine nje.

Nilikuwa mmoja wa wahakiki hao. Katikati ya miaka ya 1990 niliandika tasnifu ya uzamili ambayo sura yake ndefu kuliko zote ilikuwa juu ya Hawala ya Fedha. Niliandika juu ya ukoloni mamboleo, juu ya urasimu, juu ya fedha kama ishara. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja, mzee mpole ambaye hakuwa amesema neno asubuhi nzima, alifunga nakala yake akaniuliza: “Umetumia neno hadhira mara nyingi sana humu. Umewahi kuiona?” Nikasema sijapata nafasi ya kuiona tamthilia hii jukwaani. Akauliza tena: “Na huyu bibi uliyemwandika, unajua anasimama vipi anapoigiza? Anapoelekeza?” Nikasema sijui. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia, na nikafaulu. Kufaulu kwenyewe ndiko kulikoniuma. Kama maswali yale yangekuwa na uzito katika taaluma yetu, ningeambiwa nirudi nikafanye utafiti.

Hapa ningependa kuingiza neno juu ya istilahi. Watanzania husema mwongozaji. Sisi Kenya tumezoea kusema mwelekezi, na wako wanaosema mkurugenzi, neno ambalo masikioni mwangu lina meza kubwa na katibu mlangoni. Kuongoza ni kutangulia njiani. Kuelekeza ni kumgeuza mtu atazame upande fulani kisha kumwacha aende. Sidai kwamba wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa wakitangulia na sisi tukigeuza. Nionavyo, hata hivyo, kazi ambayo Lihamba na wenzake walikwenda kuifanya vijijini ilikuwa ni kuelekeza kwa maana hii ya pili.

Mapema miaka ya 1980 Lihamba, Penina Mlama (ambaye tulimjua kama Penina Muhando) na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kufanya na wanakijiji kile ambacho baadaye kilikuja kuitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Mlama ameisimulia kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991 kilichochapishwa Uppsala. Hawakupeleka mchezo ulioandikwa. Walikaa, wakauliza, wakasikiliza. Wanakijiji wakataja linalowasibu, likiwemo tatizo la wasichana kupata mimba na kuachwa. Kisha wakaliigiza kwa ngoma zao wenyewe na kulijadili mbele ya wote. Hebu msomaji afikirie hali ya mwigizaji aliyefunzwa chuoni, mwenye sauti inayofika kiti cha mwisho bila kipaza sauti, anapoketi chini ya mti na kujizuia asimwonyeshe msichana wa Malya jinsi ya kulia. Mwigizaji mbaya hana cha kujizuia, hivyo hajui kwamba kujizuia ni kazi. Nadhani ni hapa ambapo uigizaji wa Lihamba uliingia katika uelekezi wake: alijua kutoka ndani ni wakati gani mwili wa mtu unakaribia kusema, na alijua kwamba ukiusemea kabla ya wakati wake utanyamaza. Hili ni dhana yangu, na ninaliandika kama dhana. Lakini nimemwona Bibi ukutani, na sidhani kwamba ninaota.

Mwaka 1996 ikaanza Tuseme, ambayo Lihamba na Mlama waliianzisha kutoka chuoni kwao kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari nchini Tanzania. Wasichana wenyewe hutambua yanayowazuia kusoma, huyaigiza, hujadiliana, kisha hudai mabadiliko. Mradi huo ulikuja kuchukuliwa na FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika ambayo makao yake yako Nairobi na ambayo Mlama aliiongoza kwa miaka kadhaa, na kwa njia hiyo ukaenea katika nchi nyingine, Kenya ikiwa mojawapo. Ni watu wangapi, katika idara za fasihi za nchi yetu, waliowahi kuitaja Tuseme katika darasa la tamthilia? Huwa tunaiachia idara ya elimu. Wasichana wengi zaidi wamesimama jukwaani kwa sababu ya wanawake hao wawili kuliko waliosimama kwa sababu ya tamthilia zote zilizopata kutahiniwa katika kidato cha nne. Sina takwimu ya kuthibitisha hilo, na natumaini atatokea mtu wa kunisahihisha kwa hesabu.

Nilianza kuyaelewa haya, kadiri nilivyoyaelewa, mwaka 2003, nilipojaribu mwenyewe. Nilikuwa nimerudi Mombasa kwa likizo ndefu, na vijana wa ukumbi mmoja mdogo upande wa Kilindini waliniomba niwasaidie kutayarisha onyesho. Mombasa ina jumba la maonyesho, Little Theatre Club, ambalo kwa miaka mingi lilihusishwa zaidi na michezo ya Kiingereza. Vijana hawa walitaka Kiswahili na walitaka kitu kitakachowahusu jirani zao. Niliwaambia kisa cha hawala: mtu anapelekewa fedha na jamaa yake aliye ng'ambo, hana kitambulisho cha kuzichukulia, na huku akihangaika kutafuta karatasi, habari ya fedha imeenea na kila mwenye shida amekwisha kuja kukopa. Sikuwapa matini. Nilitaka kwanza tufanye zoezi la kubuni, maana nilikuwa nimesoma kwamba ndivyo wanavyofanya.

Hapakuwa na haja ya kuwaeleza. Pwani yetu ni nchi ya hawala. Hakuna nyumba katika vichochoro vile ambayo haijapata kungojea fedha za kijana aliye Dubai, Muscat au baharini. Wala hakuna familia isiyokuwa na kisa cha mtu aliyezaliwa Mombasa, na baba yake kabla yake, akaambiwa dirishani alete cheti cha babu. Mimi mwenyewe, katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa, niliwahi kuulizwa kama ninaweza kuthibitisha kwamba marehemu nyanya yangu alikuwa mtu wa hapa. Nilikuwa na shahada mbili mkobani. Nyaraka za nyanya zilikuwa ni kaburi lake.

Tulianza vibaya. Niliketi mbele na daftari, nikatoa amri. Kulikuwa na msichana mmoja, fundi wa kushona nguo, ambaye alichukua nafasi ya mke wa mwenye hawala. Katika kisa cha Sembène mtu yule ana wake wawili, nao ndio wanaopokea habari kwanza, mume akiwa hayupo nyumbani. Nilimwambia msichana kwamba barua ikifika aonyeshe furaha, kisha wasiwasi, kisha hofu, kwa mpangilio huo, kwa kuwa katika tasnifu yangu niliandika kwamba fedha huzaa hisia hizo tatu. Akajaribu. Vijana wakacheka. Akajaribu tena, kisha akanigeukia, bila utovu wa adabu, akasema: “Mwalimu, hebu ifanye wewe tuone.”

Nikapanda. Ni jukwaa la mbao lisilozidi urefu wa goti, lakini sijawahi kupanda mahali palipo juu zaidi ya pale. Nilipokea barua ya kubuni, nikatambua kwamba sijui mikono yangu ifanye nini. Nilikuwa nimeandika kurasa sitini juu ya barua hii. Niliishika kama mtu anayeshika karatasi ya mtihani. Nje meli ilipiga honi, na sote tukangoja imalize, nami nikiwa nimesimama vile. Nilipoteremka nilimwomba msichana afanye atakavyo, nami sikurudi kwenye kiti. Nilikwenda kusimama ukutani.

Alichofanya hakikuwa furaha wala wasiwasi wala hofu. Alipokea barua kwa mkono wa kulia, akafuta mkono wa kushoto kwenye kanga kana kwamba una unga, akaigeuza barua upande wa pili, akaigeuza tena. Kisha, bila kuifungua, akaifunga pindoni mwa kanga na kuendelea kupepeta mchele ambao haukuwapo. Ukumbi ulinyamaza. Yule mke wa pili, ambaye alikuwa mwanafunzi wa shule, hakuwa ameambiwa afanye nini. Akaja kuketi karibu na pindo lile. Hakulitazama kabisa, na ndivyo tulivyojua kwamba anaona kilichomo.

Nilitambua nikiwa ukutani kwamba katika sura yangu ndefu sikuwahi kuandika kwamba mikono ya kwanza kuigusa hawala ile ni ya wanawake. Ilikuwapo katika kisa tangu mwanzo. Ilihitaji fundi wa kushona anionyeshe, na ilihitaji mimi niwe nimepanda na kushindwa ndipo nikubali kuonyeshwa. Usiku wa onyesho, mume alipofika dirishani na kuulizwa karatasi, mzee mmoja aliyeketi nyuma alipaza sauti akasema, “Mwambieni alete cheti cha babu yake!” na kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Hadhira ile ambayo mtahini aliniuliza habari zake nikawa nimeiona.

Sijui jina gani lingewekwa katika tangazo la onyesho lile kama mwelekezi. Waliweka langu, kwa heshima ya shahada. Nikitazama nyuma naona kwamba mtu aliyeelekeza alikuwa yule msichana, akiwa ndani ya uigizaji wake, na mwenziwe wa shule alimfuata kama msichana mwenye haya alivyomfuata Bibi.

Hii ndiyo sababu sasa nina shaka na usemi wenyewe wa mwigizaji aliyegeuka mwelekezi, ambao ndio niliouchagua kuwa kichwa cha makala na ambao sikuweza kuupatia badala. Usemi huu unatuchorea ngazi: mtu huanzia chini, akionekana, kisha hupanda juu, akawaonyesha wengine. Katika lelemama ngazi zilikuwapo, na zililipiwa karamu. Katika filamu na jukwaa la nchi zetu wako waliofanya yote kwa pamoja bila kupanda popote. Mumbi Kaigwa wa Kenya, ambaye wengi nje ya nchi walimwona katika The Constant Gardener (2005), ameigiza, ametunga na ameelekeza, na hakuna iliyoizuia nyingine. Lihamba naye hakuacha kuigiza alipoanza kuelekeza. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kazi ambayo imehifadhika kwa sababu ni filamu: Maangamizi, iliyoelekezwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kutolewa mwaka 2001, ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Wakati huo Lihamba alikuwa amekwisha kufundisha vizazi vya waigizaji.

Nafasi yake humo ni ya Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye kwa miaka mingi hajasema neno. Daktari Asira, Mmarekani mwenye asili ya Afrika aliyeigizwa na BarbaraO, anajaribu kumfikia. Naye bibi wa kale, Maangamizi, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan, anawajia wote wawili kutoka upande ambao hospitali haina faili lake. Wenzangu wameisoma filamu hii kama kisa cha Afrika na wanawe waliotawanyika, na usomaji huo ni sahihi. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza, peke yangu, usiku, miaka kadhaa baada ya kutoka, sikufika huko. Nilikwama kwenye jambo moja. Mwanamke huyu ambaye kazi yake ya maisha imekuwa ni kuwafanya wengine waseme, ambaye mradi wake mkubwa uliitwa Tuseme, anaketi mbele ya kamera na kunyamaza. Bila maneno, mwigizaji wa kawaida hujaza nafasi kwa uso: hukunja, hukunjua, hutoa macho. Lihamba hajazi. Kunyamaza kwake kuna uzito wa mtu anayesikiliza kitu ambacho wengine chumbani hawakisikii, na Asira, ambaye ndiye mwenye maneno, hulazimika kupunguza mwendo. Nilirudisha nyuma na kutazama tena, mara ya tatu na ya nne. Ndivyo anavyosimama, nilijiambia. Mtahini wangu alikuwa amekwisha kufariki.

Filamu moja haitoshi kumhifadhi mtu. Maonyesho aliyoyaelekeza Dar es Salaam yako katika kumbukumbu za walioyacheza, nao wanazeeka. Mwaka 2007 Lihamba alikuwa mmoja wa wahariri watano, pamoja na Fulata Moyo, Mulokozi, Naomi Shitemi wa kwetu na Saïda Yahya-Othman, wa mkusanyo mkubwa wa maandishi na sauti za wanawake wa Afrika ya Mashariki, mwingi wake ukiwa ni vitu ambavyo bila wao vingepotea: nyimbo, barua, hotuba, masimulizi. Nimeupitia mkusanyo huo mara nyingi nikitayarisha mihadhara. Huwa najiuliza kama mhariri, alipokuwa akikubali ukurasa huu na kuukataa ule, hakuwahi kufikiri juu ya usiku fulani wa mazoezi ambao hauna ukurasa.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa uzamili kazi ambayo baadhi ya wenzangu wameilalamikia. Niliwaambia wachague mwanamke mmoja aliyewahi kuelekeza chochote, iwe tamthilia, vugo, maulidi ya wanawake au mchezo wa shule, wamwendee, na waandike si alichokisema bali alivyosimama. Wanne walirudi na mahojiano ya kawaida. Mmoja, kijana wa Likoni, aliniletea kurasa sita juu ya mama wa jirani yao anayefundisha watoto wa madrasa kusoma mashairi ya Maulidi, na ukurasa mzima ulihusu mkono wake wa kushoto. Sikujua nimpe alama gani. Nikampa ya juu.

Bibi alifariki zamani. Pembe zake za vugo nilizirithi mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezitaka, na zimo kabatini ofisini kwangu pamoja na tasnifu. Majuzi mwanafunzi mmoja wa kike aliziona akaomba kuziazima kwa onyesho lao. Nilimuuliza kama anajua zinavyopigwa. Akasema hajui, lakini mama yake, aliye Kuze, anajua. Nimemwambia waje wote wawili.